Thamani ya Sarafu Kongwe za Shaba za Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibu kila anayeniuliza kuhusu sarafu hizi huanza na mwaka. "Ninayo ya 1848, inauzwaje?" Mwaka una uzito wake, lakini mkusanyaji mzoefu wa shaba akikabidhiwa sarafu huangalia kwanza ngozi yake: rangi, ulaini, vishimo, mikwaruzo. Baada ya hapo ndipo husoma tarehe. Majibu haya nimeyaandika nikifuata mpangilio huohuo wa macho yake.

Tunazungumzia sarafu zipi?

Hasa senti kubwa, yaani sarafu ya senti moja ya zama hizo, na nusu senti, zilizogongwa Philadelphia kati ya 1793 na 1857. Sheria ya kuanzisha kiwanda cha sarafu cha Marekani ilipitishwa Aprili 1792, na mwaka uliofuata shaba zikaanza kuwafikia wananchi. Senti kubwa ya mwanzo ilikuwa na uzito wa gramu 13.48. Shaba ilipopanda bei, mwishoni mwa 1795 uzito ukashushwa hadi gramu 10.89, na ukabaki hapo mpaka mwisho. Nusu senti ilifuata uwiano uleule, kutoka gramu 6.74 hadi 5.44. Shika namba hizi, kwa sababu mizani ndogo ya sonara itakufaa tukifika kwenye bandia.

Mwaka 1857 zote mbili ziliachwa, ikaja senti ndogo. Ile ya mwanzo ilikuwa shaba asilimia 88 na nikeli 12, na mwaka 1864 ikabadilishwa kuwa shaba asilimia 95 iliyochanganywa na bati na zinki. Tangu 1982 senti ya Marekani imekuwa zinki iliyovikwa utando mwembamba wa shaba. Hiyo ya zinki haimo katika mazungumzo haya.

Sarafu yangu ina zaidi ya miaka 150. Mbona naambiwa ni dola 25 tu?

Kwa sababu zilitengenezwa kwa mamilioni na nyingi bado zipo. Senti kubwa za miaka ya 1840 na 1850 zinapatikana katika kila onyesho la sarafu nchini Marekani, na iliyochakaa kawaida huuzwa kati ya dola 20 na 40 hivi. Umri peke yake haulipwi. Kinacholipwa ni kukosekana, pamoja na watu wanaokitaka hicho kinachokosekana.

Sehemu hiyo ya pili husahaulika. Nusu senti kwa jumla ni adimu kuliko senti kubwa, lakini wanaozikusanya ni wachache, kwa hiyo mara nyingi unainunua kwa bei nafuu kuliko unavyotegemea. Kinyume chake ni senti ndogo ya Lincoln ya 1909 yenye herufi S ya San Francisco na herufi VDB za mchongaji wake, Victor David Brenner. Ziligongwa 484,000, na zilizobaki ni nyingi mno ukilinganisha na aina fulani za senti kubwa ambazo hazifiki mia moja duniani. Hata hivyo iliyochakaa huuzwa mamia ya dola, kwa kuwa kila mtoto wa Kimarekani aliyewahi kujaza kitabu cha kukusanyia senti, chenye tundu moja kwa kila tarehe, alikutana na tundu hilo tupu na akatamani kulijaza hadi uzeeni.

Ngozi ya sarafu maana yake nini, na kwa nini ina uzito hivyo?

Dhahabu ukiizika ukaja kuifukua, utaikuta kama ulivyoiacha. Fedha itaingia weusi lakini chini yake iko salama. Shaba haisahau. Jasho la vidole, unyevu, moshi wa jiko la makaa, droo ya mwaloni, udongo wenye chumvi, kila kimoja huacha alama yake. Kwa hiyo shaba ya miaka mia mbili ambayo uso wake bado ni laini na wenye rangi moja ni jambo la nadra, na soko linalijua hilo.

Shaba ikitoka kiwandani huwa nyekundu yenye kung'aa, kama waya wa umeme uliomenywa sasa hivi. Kadiri miaka inavyopita hugeuka kahawia, na kahawia nzuri ni ile ya kokwa ya tende: imekolea sawasawa na ukiigeuza kwenye mwanga inarudisha mng'ao wa chini kwa chini. Kampuni za kupima ubora wa sarafu na kuzifunga ndani ya plastiki ngumu, kama PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, huandika rangi kwenye kibandiko kwa herufi. RD ni iliyobaki nyekundu karibu yote, RB ni nyekundu iliyochanganyika na kahawia, na BN ni kahawia. Sarafu mbili za mwaka mmoja na daraja moja la uchakavu, moja RD na nyingine BN, zinaweza kupishana bei mara kadhaa.

Binafsi, kwa senti kubwa napenda kahawia safi kuliko nyekundu yenye madoa. Nyekundu inaweza kuendelea kubadilika mikononi mwako baada ya kuilipia. Kahawia iliyotulia kwa miaka mia imeshamaliza safari yake.

Vinavyoshusha bei ni hivi: vishimo vidogo vya kutu, hasa kwa sarafu zilizofukuliwa ardhini, kutu ya kijani inayokula shaba polepole, weusi wa mabaka, mikwaruzo, na ukingo uliogongwa. Kipindi cha kuangalia kwa makini zaidi ni 1808 hadi 1814. Shaba ya miaka hiyo ilikuwa laini, ikachakaa na kuingia weusi kwa urahisi. Ukiona ya 1811 yenye uso laini na rangi moja, usiipite haraka.

Je, niisafishe kabla ya kumwonyesha mtu?

Usiisafishe. Nalisisitiza hili kuliko lolote lingine katika ukurasa huu.

Mikono yetu imezoea kwamba shaba chafu husuguliwa. Sinia la bibi lilipigwa ndimu na majivu, au ukwaju, likang'aa siku ya sikukuu, na kila mtu akalisifu. Kwa sarafu, ndimu hiyohiyo huvua ngozi yote na kuacha rangi ya waridi iliyokufa ambayo macho ya mnunuzi huitambua akiwa bado hajaishika. Niliwahi kuletewa senti ya 1803 iliyosuguliwa kwa dawa ya meno usiku wa kuamkia siku ya kuileta. Maandishi yalikuwa yamesimama vizuri, nywele za Liberty, yule mwanamke anayewakilisha uhuru, zinahesabika, na uso mzima umejaa mistari ya mswaki. Ingeweza kuuzwa mamia ya dola. Tulikubaliana kwa sehemu ndogo ya hiyo, na mwenye nayo aliniuliza mara tatu kama inaweza kurudishwa ilivyokuwa. Haiwezi.

Rangi bandia nayo ipo. Wako wanaochukua sarafu iliyosuguliwa wakaipaka kemikali ili irudi kahawia. Kahawia ya namna hiyo huwa imelala bapa, haina uhai chini ya taa, na mara nyingi mikwaruzo bado inaonekana imefunikwa tu.

Daraja linapimwaje?

Kwa namba kutoka 1 hadi 70. Mwenye wazo hilo alikuwa Dk. William Sheldon, aliyelichapisha mwaka 1949 katika kitabu chake cha senti za mwanzo. Wengi hawajui kwamba namba hizo zilikuwa bei. Sheldon alichukua senti za 1794 na kuona kwamba kama ile mbovu kabisa inayotambulika tu inauzwa dola 1, ile kamilifu ingeuzwa dola 70, na zote nyingine zikae katikati. Hesabu ya bei ilivunjika baada ya miaka michache, lakini namba zikabaki, na leo zinatumika kwa sarafu za madini yote duniani.

Kwa kifupi: 4 ni sarafu ambayo mchoro wake unaonekana kwa muhtasari, 12 ina sehemu ya nywele na maandishi yote, 20 hadi 35 imetumika lakini mistari ya nywele ni wazi, 50 hadi 58 imeguswa kidogo tu, 60 kwenda juu haikuwahi kuzunguka mikononi.

Wapenzi wa shaba za mwanzo, wengi wao wanachama wa Early American Coppers, klabu iliyoanzishwa 1967, wana namna yao ya kupima, na ni kali zaidi. Wanaanza na ukali wa mchoro, kisha wanakata kwa kila dosari. Senti yenye mchoro wa 30 lakini yenye vishimo vya kutu inaweza kumalizia kwenye 12. Ndiyo maana sarafu moja hupewa namba mbili tofauti, ya kampuni na ya klabu, na zote zikawa za kweli kwa kipimo chake. Ukisoma tangazo la mnada, hakikisha unajua ni namba ipi unayoisoma.

Kwa nini senti mbili za mwaka mmoja zinafanana lakini moja ni ghali mara mia?

Kwa sababu ya mihuri. Miaka ya mwanzo mihuri ya chuma iliyogonga sarafu ilikamilishwa kwa mkono: mchongaji alipiga herufi moja moja, namba moja moja, jani moja moja. Muhuri mmoja ulipopasuka ukachongwa mwingine, na hakuna miwili iliyolingana. Tarehe imeinama kidogo, jani limegusa herufi, mstari wa sehemu ya 1/100 umekosekana. Kila jozi ya mihuri inahesabiwa kuwa aina, na aina hupewa kipimo cha uadimu: R1 ni zaidi ya 1,250 zilizobaki, R5 ni kati ya 31 na 75, R7 ni 4 hadi 12, na R8 hazizidi tatu.

Mwaka 1794 una aina nyingi zinazopendwa, na moja huwafanya watu waweke lenzi machoni usiku kucha. Nyuma yake, kuzunguka ukingo, kuna nyota ndogo 94 zilizochongwa katikati ya meno ya pembeni. Ukiwa na ya 1794, geuza uangalie pembeni kabla ya kufanya lolote.

Mfano mkali zaidi ni senti ya 1793 ambayo juu ya tarehe ina kijitawi kinachofanana na majani ya stroberi. Zinajulikana nne tu. Iliyo bora kati yake ina daraja la 12, yaani sarafu iliyochakaa waziwazi, lakini mwaka 2009 iliuzwa mnadani kwa dola 862,500. Hapa uadimu umeishinda ngozi. Hutokea, lakini kwa sarafu za namna hii tu, na usitegemee iliyo kwenye droo yako iwe mojawapo.

Mwaka 1793 una nini?

Una mwanzo. Machi 1793 zilitoka senti za kwanza, upande mmoja kichwa cha Liberty mwenye nywele zilizotawanyika, upande wa pili mnyororo wa pete 15, moja kwa kila jimbo la wakati huo. Mnyororo ulikusudiwa kuonyesha umoja. Magazeti yakauliza, mnyororo nyuma ya uhuru? Katika nchi iliyokuwa na watumwa, swali hilo lilikuwa zito kuliko walioliuliza walivyotaka liwe, na mimi siwezi kuishika sarafu hii bila kulikumbuka. Baada ya 36,103 kugongwa, mnyororo uliondolewa na shada la majani likawekwa mahali pake. Mwaka huohuo ukaja muundo wa tatu, Liberty mwenye kofia ya uhuru, na ukagongwa 11,056 tu, huku homa ya manjano ikiua watu wengi Philadelphia.

Senti za mnyororo za mwanzo kabisa zina kosa la nafasi: neno Amerika halikutoshea, likaandikwa AMERI na nukta. Moja ya hizo, yenye hali ya ajabu, iliuzwa dola milioni 1.38 mwaka 2012. Ikiwa imechakaa hadi inatambulika kwa shida, senti ya mnyororo bado ni maelfu ya dola.

Sioni ya 1815. Ni adimu kiasi gani?

Haipo. Visahani tupu vya shaba, vya kugongea sarafu, vilitoka kwenye kiwanda cha Boulton cha Birmingham, Uingereza, na vita vya Marekani na Uingereza vilivyoanza 1812 vikakata njia. Akiba iliisha, na hakuna senti yenye tarehe 1815. Ukiuziwa moja, ni tarehe iliyochezewa.

Na senti ndogo?

Angalia chache tu. Ya 1877 iitwayo Indian Head, yenye kichwa kilichovaa manyoya ya Wamarekani wa asili, ziligongwa 852,500. Ya 1909-S VDB niliyoitaja, na usiichanganye na 1909 VDB isiyo na S, ambayo ni karibu milioni 28 na si ghali. Ya 1914-D, herufi D ikiwa ya Denver. Ya 1955 ambayo tarehe na maandishi yanaonekana mara mbili kwa macho matupu.

Halafu kuna ya 1943. Mwaka huo shaba ilihitajika vitani, senti zikagongwa kwa chuma kilichopakwa zinki, lakini visahani vichache mno vya shaba vikapenya. Ninaletewa "1943 ya shaba" mara kwa mara. Weka sumaku: ikinasa, ni chuma kilichopakwa shaba. Isiponasa, pima: ya kweli ina gramu 3.11 hivi. Hata ikipita hapo, angalia kama 3 ya mwisho si 8 iliyokatwa upande.

Nitajuaje kama ni bandia?

Tarehe zinazochezewa zaidi ni 1799 na 1804, kwa kuwa ndizo ngumu kupatikana baada ya miaka ya mwanzo. 1798 husuguliwa ikawa 1799, na 1801 au 1806 ikawa 1804. Weka lenzi kwenye namba ya mwisho: shaba inayoizunguka ikiwa na mwanya, mkwaruzo au rangi tofauti, acha. Pia kuna 1804 iliyogongwa miaka ya 1860 hivi kwa mihuri ya zamani iliyoingia kutu. Ina soko lake kama kitu cha historia, si kama ya 1804.

Bandia za kumiminwa kwenye kalibu huwa na mshono kwenye ukingo, uso wa mapovu, na uzito usiolingana. Zinazogongwa siku hizi kwa mihuri iliyonakiliwa kwa mashine ni hatari zaidi. Dalili yake ni dosari inayojirudia: kovu lilelile mahali palepale kwenye sarafu mbili zinazouzwa na watu tofauti. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka nakala iandikwe COPY, lakini waghushi hawasomi sheria.

Historia ya mmiliki ina thamani?

Ina, na kwa shaba hasa. Sarafu nyingi nyekundu za miaka ya mwanzo zimetoka kwenye akiba chache zinazojulikana. Senti za 1816 hadi 1820, hasa 1818 na 1820, zinapatikana zikiwa bado nyekundu kwa sababu ya pipa lililogunduliwa Georgia baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, likaishia kwa John Swan Randall wa New York. Mwenye kujua hivyo hatalipa bei ya uadimu kwa 1820 nyekundu. Zile za 1796 na 1797 zilizobaki nzuri zinahusishwa na Benjamin Goodhue wa Salem, Massachusetts. Salem ndiyo bandari iliyotuma majahazi makubwa Zanzibar karne ya 19 kuchukua pembe na sandarusi, na kitambaa walichotuletea tukakiita marekani.

Kuna upande wa huzuni pia. Baada ya Sheldon kufariki ilithibitika kwamba alikuwa akichukua sarafu bora za American Numismatic Society, taasisi ya elimu ya sarafu ya New York, na kuacha za chini mahali pake. Ndiyo maana picha za zamani, kadi za mnada na bahasha zenye mwandiko wa wamiliki wa kale hazitupwi. Ukirithi sarafu pamoja na bahasha yake, tunza vyote viwili.

Niitunzeje?

Ishike ukingoni. Usizungumze mdomo ukiwa juu yake, maana tone dogo la mate huwa doa jeusi baada ya miezi. Usiitie kwenye mfuko laini wa plastiki unaonuka. Plastiki hiyo hutoa kemikali ya kijani inayonata. Kama unakaa Mombasa, Tanga, Unguja au popote penye upepo wa chumvi, weka sarafu kwenye kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, na vibadilishe kabla havijajaa. Kiangalie kisanduku kila msimu.

Marekani imeacha kutengeneza senti. Zangu zitapanda?

Senti ya mwisho ya kuzunguka madukani iligongwa Philadelphia Novemba 2025. Zilizopo ni mabilioni kwa mabilioni, kwa hiyo za kawaida hazitakuwa adimu katika maisha yetu. Wengine huhesabu thamani ya shaba iliyomo. Kilo moja ya shaba ni takriban senti kubwa 92, na hakuna bei ya chuma chakavu itakayofika bei ya mkusanyaji hata kwa zile duni. Kuhusu senti ndogo za kabla ya 1982, tangu 2006 Marekani imepiga marufuku kuziyeyusha.

Niuze wapi?

Anza kwa kupima uzito na kupiga picha mbili zilizo wazi, chini ya taa moja iliyoinamishwa. Kama inaonekana ni ya dola 30, iuze au igawe kama ilivyo; gharama ya kuipeleka kwenye kampuni ya upimaji itaimeza. Kama ni ya 1793 hadi 1814, au una shaka kwamba ni aina adimu, muulize mtu wa shaba hasa, si muuza dhahabu wa mtaani, kwa sababu muuza dhahabu atakupa bei ya mwaka na hatageuza upande wa pili kutafuta nyota. Kwa mnada, uliza mapema wanakata asilimia ngapi kwako na ngapi kwa mnunuzi. Pata bei mbili kutoka kwa watu wasiojuana. Na yeyote anayetaka kuisugua kidogo "ili aione vizuri", mnyang'anye sarafu yako kwa upole uondoke.